Silinda ya Tatu

Haroub kaishusha Mkoani kutoka meli ya mizigo,
nyekundu, milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi,
gari ya watu wenye barabara.
Sisi tuna matuta, na mikeka ya karafuu
iliyoanikwa hadi kwenye mstari mweupe.
Gia ya sita haijaijua Pemba.

Leo imeingia gereji kwangu, Limbani, inachechemea.
Imesimama, lakini haitulii:
tu-tu-tu, kimya kidogo, tu-tu,
kama mtu anayehesabu pesa za wenzake
na kila akifika tatu anaruka.

"Inamisi tangu lini?"
"Jana."

Kwenye dashibodi, pale penye taa ya injini,
pamebandikwa plasta ya kidonda,
kingo zake zimeshakuwa nyeusi kwa vumbi.
Plasta ya jana haiwi hivi.
Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake
njano, inapepesa, inapepesa,
shahidi aliyezibwa mdomo na bado anasema.
"Usiku ilikuwa ikinikera," kasema Haroub,
na macho kayapeleka mlangoni.

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
P, sifuri, tatu, sifuri, tatu.
Silinda ya tatu haichomi.
Wangapi huishia hapa! Husoma namba,
huuza kipuri, hufunga boneti.
Namba inasema panapouma, basi.
Hata mwenye jino hujua panapouma.

Nikafungua boneti. Joto likatupiga uso.
Nikamwambia asiguse.
Akagusa.

Alipokuwa anapuliza kidole
nikachomoa koili ya tatu, nikaipeleka ya kwanza,
na ya kwanza nikaileta ya tatu,
kama mwalimu wa skuli anayewabadilisha madawati
watoto wawili, apate kujua
ni yupi hasa anayepiga kelele.
Tukawasha. Tu, kimya, tu-tu-tu.
Mashine ikafikiri.
Sifuri, tatu, sifuri, moja.
Kelele imehama na mwenyewe.

Nikaigeuza koili juani.
Zile tatu maandishi yake yamechongwa.
Hii yake yamepakwa, yanatoka kwa kidole,
na huku chini mpira una ufa, mwembamba kama unywele,
umeme unatorokea humo
na plagi inabaki ikingoja.

"Hii umeinunua wapi?"
Kimya.
"Kaniuzia shemeji. Kaapa ni ya asili.
Nikamlipa mbele ya mke wangu,
na mke wangu akafurahi."

Hapo nikaielewa plasta.

Koili nyingine ilifika siku ya nne, kwa boti kutoka Unguja,
ndani ya boksi la maziwa ya unga,
juu yake wameandika: *Kwa Bwana Mize, Fundi.*
Miaka kumi na mmoja naagiza vipuri duka lilelile,
na bado mie ni Bwana.
Nikaibana kwa spana ya kumi, nikafuta namba,
nikampa ufunguo.

Alipouzungusha nusu, taa ikawaka.
"Bado!" Mkono ukaenda mfukoni,
nikajua alichokifuata.
"Kiache. Hiyo inakwambia ipo macho, basi.
Siku utakayozungusha ufunguo isiwake kabisa,
siku hiyo ndiyo uje mbio. Haya, washa."

Injini ikashika. Njano ikazimika
bila ya kuzimwa na mtu.

Akatoka taratibu, tairi mbili nje ya lami,
akiukwepa mkeka wa Bi Riziki.
Nikaisikiliza mpaka kona ya hospitali:
moja, mbili, tatu, nne,
moja, mbili, tatu, nne.

Koili mbovu ipo hapa mezani, nimeifunga gazeti.
Kasema nisiitupe, atapita kuichukua Alhamisi.
Ijumaa shemeji anakuja kula.