Buruza Miguu

Barua iliniambia: Maziwa Ng'ombe, Pemba.
Mama akacheka, akasema nibebe kikombe tu.
Nikashuka na sanduku na sweta mbili za Makete
mchana wa jua, penye mawe na kokoto hadi mlangoni,
na ng'ombe niliyemkuta njiani alikuwa mmoja, dume,
si wa kukamwa. Nitamfikia.

Skuli yetu ina madarasa manne.
La tano wako sitini na nane, wanakaa chini;
chaki naivunja mara tatu, kama mua wenye wageni wengi.
Mimi ni wa kujitolea. Kwa Bi Mize, mwenye nyumba,
maana yake ni kwamba silipwi, na kwa hiyo nile.
Ananipakulia muhogo wa nazi na kichwa cha changu,
anakaa kunitazama mpaka nimalize.
"Weye Tweve, huko kwenu kula ni dhambi?"

Shaame Kombo hasemi darasani.
Nikimuuliza nusu, nikimuuliza robo,
anatazama kucha zake
kana kwamba jibu liliandikwa hapo, likaoshwa.
Wiki ya tatu nikaandika kwenye daftari langu,
mbele ya jina lake, kwa wino: mzito.

Jumamosi ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali.
Bi Mize akanifunga kanga kiunoni, twende mwanini.
Mimi bahari nilikuwa naijua kwenye ramani,
niliipaka rangi ya buluu mwenyewe nikiwa mtoto.
Nikaikanyaga kama mtu anayeingia nyumba ya watu usiku,
mguu juu, mguu chini,
hadi sauti nisiyoijua ikapiga kelele:
"Mwalimu! Usinyanyue! Buruza!
Taa kalala mchangani. Ukimkanyaga atakuchoma,
ukimgusa ubavuni ataondoka mwenyewe."

Shaame. Kamba za mama yake begani,
anahesabu bila kusimama, hata hanitazami:
kamba hii mafundo hamsini, robo imeliwa na samaki,
yaani kumi na mbili, na moja linaning'inia nusu.
Nikasimama majini, maji magotini.
Mwani ulinizunguka vifundoni, laini, kama vidole vinavyouliza.

Jumapili wakanipeleka kwenye mchezo wa ng'ombe.
Hakuna aliyeniambia kamba ina upande wake.
Zumari likalia, watu wakapiga vigelegele,
na dume lile lile la siku ya kwanza
likaniona, likanikumbuka.
Sijui niliupandaje ule mfenesi.
Kanga yangu iliandikwa *Sina papara na mtu*,
na kijiji kizima kiliisoma, kutoka chini.
Utomvu ulinishika nywele, mikono, miwani;
Bi Mize alinisugua kwa mafuta ya nazi hadi isha,
akicheka, akiacha, akicheka tena.

Jumatatu ubaoni nikamkuta ng'ombe.
Pembe nzuri, sina budi kusema.
Juu ya mti, furushi la nguo lenye miwani.
"Nani kachora?"
Midomo sitini na nane ikafungwa.
Shaame akatazama kucha zake.
Zilikuwa nyeupe kwa chaki.

Sikufuta. Nilimkata ng'ombe mstari wa wima,
mwingine wa ulalo, nikauliza: huyu tumemgawa mara ngapi,
na mwalimu wenu yuko robo gani?
Kimya kile. Halafu kikohozi. Halafu Shaame
akafungua mdomo, akafunga.
Nikamwambia pole pole, kwa sauti ya chini, buruza.
Wenzake hawakuelewa. Alisema mbili,
akasita, akasema nne, kisha akasema
furushi haliko kwenye ng'ombe, mwalimu, liko mtini.

Ile *mzito* ingali daftarini, wino wa skuli haufutiki.
Pembeni yake nimeandika: nani?

Posho ya mwezi huu haijafika.
Sweta moja nimempa Bi Mize;
anafunikia sufuria la wali, anasema linakaa moto mpaka usiku.
Nyingine ipo sandukuni. Mama akiuliza,
mwambieni huku kuna baridi.