Kuamkia Jumatano

Tukuyu. Manyunyu ya tano tangu asubuhi,
au ni yaleyale, yalishuka Kiwira mara moja yakarudi.
Ofisini kwa ushirika wa maziwa
natafuta siku moja iliyopotea.

Bi Ikupa ameleta kadi yake, imelowa pembeni.
"Lita kumi na moja, tarehe mosi Julai.
Mashine yenu imeziandika Juni.
Ng'ombe wangu alikamuliwa kabla hajakamuliwa?"

Sina jibu. Nafungua msimbo.

Lugha hii ina mambo yake.
Januari kwake ni mwezi sifuri,
Desemba wa kumi na moja, wala haioni haya.
Jumapili nayo sifuri.
Sisi ambao siku zetu hujitaja zenyewe,
mosi, pili, tatu, nne, tano,
tunaambiwa tuanze upya, tuanzie kwenye hakuna.
Haya, nimezoea.
Ukiipa Februari thelathini haibishi,
inakupokea kimya, inakwenda kukushusha Machi.

Kuijaribu, naipa tarehe niijuayo bila kadi:
usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane na dakika kumi,
wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Nabonyeza.
Inajibu: Jumanne, saa tano na dakika kumi usiku.

Hapana.
Saa tano baba alikuwa hai.
Saa tano aliuliza kama ndama amefungwa mbali na mama yake,
akataka chai, akasema haina sukari,
akanicheka nilivyokuja nimevaa viatu vyake.
Saa tano nilikuwa bado na saa tatu.

Ndipo ninapoelewa.
Seva iko ng'ambo, inatunza kila kitu kwa saa za huko.
Saa sita ya usiku wetu
kwao ni saa tatu, tena ya jana.
Siku yetu ikizaliwa tu
wanaisajili kwa jina la marehemu.

Mstari mmoja. Nauandika polepole,
kama mtu anayemimina maziwa ya mwenzake:
ongeza saa tatu.

Lita kumi na moja zinarudi Julai.
Bi Ikupa anachovya dole gumba kwenye wino,
anahesabu hela mara mbili, haagi.

Baba naye anarudi Jumatano,
saa nane na dakika kumi.

Tarehe za majaribio hufutwa kabla ya kufunga ofisi.
Hii nimeiacha.