Gramu Hamsini

Halua haiulizi ukoo wa mtu.
Ukiacha kukoroga, inashika chini,
uwe mtoto wa mwenye karai au mtu wa kibarua.
Baba alinifunza hilo nikiwa na miaka tisa,
akanikabidhi mwiko ulionizidi kimo.
La pili hakunifunza:
kwamba hata maneno hushika chini.

Kiwandani kwetu, Utaani, Wete,
ofisini ni sisi: ami Mbarouk kwenye mizani,
binamu kwenye daftari, mie na funguo.
Jikoni ni wao: Faki, Shineni, Bakar wa Kojani,
na moshi.
Kati yetu pazia la maua mekundu,
na kila aliyelipita alilipita kimya.

Riziki alikuwa na wiki tatu tu kazini.
Alikuja na kikapu kilichokwisha kushonwa mdomo,
akasema, "Bi Zuwena, hii si kilo."
Nikamuuliza, nani kakutuma?
Ndilo swali la kwanza lililonitoka.
Naliandika hapa nisije nikalisahau.
"Hakuna. Nimekipima kwa jirani, muuza misumari.
Zimepungua hamsini."

Nikapima vikapu ishirini. Hamsini, hamsini, hamsini.
Nikaipindua sahani ya mizani:
kipande cha risasi, ukubwa wa dole gumba,
kimegandishwa kwa ulimbo.

Kilichonikata si risasi.
Ni Faki kuinamisha kichwa. Ni Shineni kutazama mlango.
Walijua. Mwaka wa tatu huo walijua,
na mchana tunakula sinia moja.
"Mbona hamkunambia?"
Bakar akajibu huku anakoroga, maana kazi haisimami:
"Tumwambie nani? Ami yako ni ami yako."

Damu nzito kuliko maji. Sawa.
Lakini mizani haikuwekwa pale kupimia damu.

Ami aliondoka bila kuaga.
Shangazi alinipigia simu siku saba mfululizo:
umemvua nguo kaka yangu mbele ya vibarua.
Sikuwa na jibu. Hadi leo sina lote.

Nililitoa pazia. Nikasema, kila Jumamosi,
karai likipoa, tukae mkekani, mwenye neno aseme.
Jumamosi ya kwanza alisema nzi peke yake.
Ya pili, Faki alitaja kitasa cha choo.
Kitasa! Nikakinunua alasiri ile ile,
nikakitia mwenyewe, kikakaa upande.
Ya tano, Shineni alikohoa, akanitazama viganjani:
"Hizo funguo unazichezesha ukija.
Tukizisikia tu, tunanyamaza."
Uso ulinipata moto. Nikataka kusema, nani kakuuliza?
Nilikuwa nimemuuliza mie.

Funguo sasa ziko msumarini, kando ya mwiko wa baba.

Msidhani tumekuwa malaika.
Binamu bado hulifunika daftari kwa kiwiko.
Juzi nilimfokea Riziki kwa samli iliyoungua,
Jumamosi akanirudishia yote, neno kwa neno,
na hakukosea hata moja.

Mkesha wa Idi alikuja mjukuu wa ami,
noti kaikunja kiganjani, anataka kilo.
Tulipokuwa tunapima, jiko zima liliacha kupumua.
Akaenda. Nusu saa haikutimia, huyo, na kikapu kile kile:
"Babu kasema imezidi. Gramu kumi."
Tukapima.
Kweli, imezidi.
Bakar alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.
Nikamwambia mtoto, rudi nacho,
na mwambie babu: kasema kweli, na Jumamosi tunakaa.

Hajaja.
Katuma neno tu:
tuitazame sahani ya kushoto, ina kutu.