Hodi ya Tatu

Nje, Ulaanbaatar imeganda nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, Oyuntsetseg ana hadi saa sita usiku
kutuma hesabu za kodi za karakana ya sufu.
Saini yake imo katika kijiti cha plastiki
kifupi kuliko kidole gumba.
Anakichomeka.

Ting, yasema kompyuta. Karibu.
Hajagusa kipanya: tung.
Mgeni keshatoka,
na kioo kimeandika: kifaa hakijatambulika.

Hodi hupigwa tatu, kisha mtu akarudi zake.
Yeye amepiga kumi na saba.
Kulia, kushoto, juu chini, chini juu,
akakipuliza, akakipangusa kwa mkono wa sweta,
akakiita jina ambalo mama yake hakulisikia.

Anampigia shemejiye Ganzorig, fundi wa lifti;
ukijua lifti, ukoo mzima hukuhesabu unajua vyote.
“Hamia nyuma,” anasema, mdomo umejaa chakula.
“Matundu ya mbele yanaletewa umeme kwa waya mwembamba.
Ya nyuma yameshikana na ubao wenyewe.”

Anatambaa chini ya meza.
Ting. Tung.

“Basi zima. Chomoa kutoka ukutani.
Kandamiza kitufe cha kuwashia, hesabu thelathini.
Kuna umeme hubaki tumboni, kama kinyongo.”

Anahesabu. Kwenye ishirini na mbili
tochi ya simu inamulika kitu ndani ya tundu:
nywele za mbuzi, nyeupe, laini,
zile zile anazoziandika kwa kilo kila siku,
zimejitengenezea kiota.
Anazitoa kwa kijiti cha meno, pole pole,
kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

Anawasha. “Na uikataze,” aongeza Ganzorig,
“isiyanyime matundu umeme ikidhani hakuna anayekuja.”
Anaikataza.

Saa tano na dakika arobaini na moja.
Ting.

Wote wawili, huku na kule kwenye simu,
wanangoja tung.
Hita inaguguna. Ghorofa ya juu mtu anaburuta kiti.

Hakuna.

“Ilikuwa nini hasa?” anauliza shemeji,
“zile nywele, ule umeme, au yale mazuio?”

“Sijui,” anasema, hesabu zikiondoka,
“wala sitakichomoa ili nijue.”

Kesho yake, juu ya tundu, gundi ya karatasi
na neno moja kwa kalamu nyekundu:
USIGUSE.