Kukata Kona

Tangu Aprili mashine ya Olev imenuna bandani,
na mimi sijui kuibembeleza.
Nyasi zimenifika magotini.
Meeta wa jirani anachungulia juu ya ua, anaguna,
kisha anauliza kama naumwa.

Siumwi. Napiga picha.

Mjukuu wangu Mirtel aliniachia simu yake ya zamani,
kioo kimepasuka kama barafu ya Machi,
akanionyesha: inama, subiri, bonyeza,
nayo itakutajia ua kwa jina.
Picha ya kwanza nilipiga kidole gumba changu.
Simu ikafikiri, ikajibu: uyoga, asilimia arobaini na mbili.
Nilicheka peke yangu hadi kuku wa Meeta wakanyamaza.

Sasa mkono umezoea. Nalala kifudifudi,
mwanamke wa miaka sabini na sita,
umande wa Võru ukinilowesha blauzi,
nikimsubiri nyuki amalize shughuli zake
maana yeye alitangulia.
Nimelipata Jicho la Fahali, jeupe, halipepesi.
Nimeupata Wayo wa Paka, laini,
penye mchanga, pale tulipokuwa tukianika shuka.
Kengele ya Korongo imeinamisha kichwa
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Miaka thelathini na saba nimeyakanyaga,
nikiyaita yote kwa jina moja: magugu.

Moja tu lilinishinda.
Karibu na kisima, shina moja, maua meupe membamba.
Mchana hayasemi kitu;
usiku yananukia kana kwamba tumefikiwa na mgeni.
Simu ikasema hili, ikasema lile, ikaomba mwanga zaidi.
Nikatoka saa tano usiku,
usiku wa Juni usiokubali kuwa giza,
nikapiga picha kumi na tisa, zote zikatikisika.

Ndipo nikakichukua kitabu cha mimea cha Olev,
kile nilichodhani kazi yake ni kuzuia dirisha lisijifunge.
Ukurasa ulijifungua wenyewe.
Ulimi wa Kekeo, ndege yule anayetagia viota vya wenzake.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wake wa kubana:

Kisimani. Juni 1988. Mashina mawili.
1993. Moja.
2004. Hakuna.
2005. Limerudi! Nyamaza, Helju asije akalichuma.

Kila Jumamosi mashine yako ilipinda pale kisimani,
ikaacha kisiwa cha nyasi kama nywele alizoziruka kinyozi,
nami dirishani nikikupigia kelele: Olev, ni bia hiyo!
Hukujibu. Ulikata kona.

Sijalichuma.
Kesho atakuja mpwa wa Meeta na mashine yake;
nimemwambia anifyekee njia ya kwenda kisimani tu,
na akifika pale, alegeze mkono.
Penseli nimeichonga kwa kisu cha viazi.
Mwaka huu: shina moja, maua kumi na saba.
Picha haikutoka.