Slaidi ya Tisa

Jumanne usiku, ukumbi wa manispaa, Deventer.
Watu arobaini na wawili, kahawa ya birika,
makoti yananuka mvua.
Nilikuja na slaidi thelathini na moja kuhusu mto,
zote nimezipiga pasi mpaka mikunjo ikaisha:
maandishi ya kijivu juu ya weupe,
membamba kama nywele za mtoto mchanga,
ramani ya kijani na nyekundu,
mishale inayoruka kutoka kila pembe kama panzi.

Nikasema, "Kama mnavyoona."
Nikasema tena. Nadhani mara kumi na tisa.

Lubbert, mwezeka paa aliyestaafu, akanyoosha mkono:
"Kwa hiyo nyumba yangu iko salama?"
Nyumba yake iko katikati ya nyekundu.
Kwake yeye nyekundu na kijani ni mapacha
waliovaa sare moja ya matope,
nami nilikuwa nimemwandikia mafuriko
kwa wino asioweza kuusoma.

Machteld hakuuliza kitu.
Alinipigia simu Alhamisi.
Mashine yake ilikuwa imemsomea faili langu,
na alitaka nami nisikie:

*Picha. Picha. Asanteni kwa kunisikiliza.*
*Picha mia na arobaini na saba nukta jei-pii-jii.*
*Sanduku la maandishi. Sanduku la maandishi.*
*Kichwa: Hatari.*
*Picha.*

"Umeanza kwa kuaga," akasema,
"halafu ndiyo ukabisha hodi."
Akacheka. Mimi sikucheka.
Mwenye macho haambiwi tazama,
sawa, na asiye nayo tumwambie nini?
Mimi nilimwambia *picha*.

Nikakesha.
Nikazikuza herufi, nikazikoleza ziwe nyeusi kama masizi.
Juu ya nyekundu nikachora mistari ya mshazari,
na neno lenyewe, wazi: MAJI YATAFIKA HAPA.
Panzi niliwafukuza wote.
Masanduku nikayapanga yafuatane
kama wageni wenye adabu mlangoni,
jina kwanza, kwaheri mwisho.

Hiyo ilikuwa kazi ya mikono.
Slaidi ya tisa ndiyo iliyonishika mpaka saa nane usiku.
Picha ya zamani, niliiokota katika kabati la ofisi
nikaibandika kujaza nafasi.
Nikaandika: *Mafuriko.* Nikafuta.
*Mtu kwenye tuta.* Nikafuta.
Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaitazama.

*Mwanamume mwenye kofia ya sufu anasukuma toroli*
*lenye mifuko minne ya mchanga.*
*Maji yamemfika magotini.*
*Kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa cha mistari.*
*Anamtazama mpiga picha kama mtu aliyekatizwa maneno.*

Nikatuma.

Asubuhi, simu. Pumzi kwanza.
"Kitambaa hicho ni cha jikoni kwetu," akasema Machteld.
"Mistari yake ni ya uzi mnene, ningali naihisi.
Nilikifunga mimi, nikiwa na miaka tisa,
nikahesabu mizunguko kwa sauti
ili baba asisikie maumivu.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alipigwa picha."

Akaniomba nimsomee tena, kwa sauti yangu.
Nikasoma.
"Na masharubu?"
Nikainamia skrini. Yapo. Nilikuwa nimeyaruka.

Jumanne ya pili Lubbert aliikaribia ramani,
akafuata mshazari kwa kidole mpaka mtaani kwake,
akasimama hapo. Kisha akaniuliza bei ya pampu.

Nimerudi ofisini. Slaidi ya kumi
ina kiwimbi cha buluu pembeni, mchoro usio na kisa.
Programu inauliza: *Hili ni pambo tu?*
Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Kinangoja.