Mvuke Umepungua

Garimoshi Nambari Tisa halikuwa kubwa.
Reli zake zilikaribiana kama ndugu wanaolala mkeka mmoja,
sentimita sabini tu;
mtoto wa miaka minane aliweza kusimama
mguu huku, mguu kule, akajiita daraja.

Liliundwa Ujerumani kabla babu hajaota ndevu,
likaletwa Java melini, vipande vipande,
na maisha yake yote likala makapi:
kile kilichobaki baada ya kiwanda cha Sumberlegi
kukamua utamu.
Muwa mkavu ukauvuta muwa mbichi.
Kasmo, mchochezi, alisukumia makapi tanurini kwa mguu,
mkono wake uliungua msimu uliotangulia.
Baba alishika wenzo.

Kila Mei, kabla kinu hakijaanza, waliozesha miwa:
muwa bwana, muwa bibi,
wakavikwa batiki, wakabebwa kwa ngoma hadi kinuni,
wakasagwa.
Harusi gani hiyo? nilimuuliza mama.
Akasema, Harusi zote.

Fuata nyuki ule asali, husema watu.
Sisi tulifuata moshi.
Pale kona ya Ngasem treni lilikohoa, likasita, likasimama,
mabehewa ishirini na mawili yakagongana matako,
nasi tukatoka mtaroni:
Giyem akachomoa miwa miwili,
Parto mmoja mrefu kumpita yeye,
mimi kadiri kwapa lilivyobeba.
Mlinzi Darsono alikuja na baiskeli na fimbo,
kachelewa, kama jana.
Cheche zilinitoboa blauzi.
Mama aliyahesabu matundu, akayaziba, hakuuliza.

Baba hakugeuka.
Alikuwa akiigonga geji kwa kidole,
kichwa kakiinamisha, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa.
Nami nilitamba njia nzima:
nimemwibia hata baba!
Usiku alikula wali na tempe, macho mekundu,
masizi masikioni,
akalala bila neno.

*

Sasa miwa hubebwa na malori.
Nambari Tisa limezama nyasini nyuma ya karakana,
kuku wa mlinzi hutagia tanurini.
Mimi ni karani hapa. Juma lililopita niliambiwa,
Lasmini, chambua madaftari ya safari,
yasiyo na kazi yachomwe kabla ya mvua.

Nikafungua moja. Mwandiko wa baba,
herufi zimelala upande kama miwa baada ya upepo.

*Juni 11. Kona ya Ngasem. Mvuke umepungua. Dakika sita.*
*Juni 12. Kona ya Ngasem. Mvuke umepungua. Dakika sita.*
*Juni 13.*

Na pembeni, wino mwekundu wa mhandisi:
*Uzembe. Akatwe rupia ishirini na tano.*

Zamu za dereva mwingine zipo pia humo.
Injini ileile, kona ileile, mzigo uleule.
Mvuke tele.

Nilijumlisha kwa mashine, msimu mmoja, kisha minne.
Ikatoka bei ya baiskeli, na kengele yake.
Baba alikwenda kazini kwa miguu hadi alipostaafu,
kilomita saba, alfajiri,
akisema kutembea kunalainisha magoti.

Ningefunga daftari hapo.
Lakini kidole kilikuwa kimetangulia hadi Julai.

*Julai 3. Ngasem. Mvuke kamili. Hatukusimama.*
*Julai 4. Hatukusimama.*
Tano, sita, saba, nane: hatukusimama.

Nikakumbuka kitambaa chenye maji juu ya paji la uso,
uchungu wa kwinini,
na filimbi niliyoisikia kutoka mkekani jioni zile,
ikipita mbio, haina kikohozi.
Nililia nikidhani Giyem na Parto wanakula miwa bila mimi.

Nikafunua ukurasa.

*Julai 9. Kona ya Ngasem. Mvuke umepungua.*
*Dakika tisa.*